Ufuo Safi Huanzia Chooni

Kila mwaka mabasi ya shule huteremka kutoka vilima vya Kilungu, hupita Nunguni na kuishika barabara kuu ya Mombasa pale Salama, yakiwa yamesheheni wanafunzi na walimu wao waendao kuiona bahari. Aghalabu safari hizo hukomea katika ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, huko Bamburi, ambao wenyeji huuita Pirates. Hapo hapana mlinzi wa hoteli wa kumwuliza mtoto wa Kilungu amefuata nini. Ufuo ule ni wake kama ulivyo wa mwana wa Mombasa, na ndiyo sababu hufurika watu siku za Idi, za Krismasi na za Mwaka Mpya. Lakini je, maji anayoyaingia mtoto huyo yana nini ndani yake? Na ni nani anayepaswa kulipa ili yawe salama?

Swali la pili ndilo zito, na ndilo ninalotaka tulijadili leo. Kila inapopendekezwa kwamba fedha za umma zitumike kupunguza bakteria katika fuo zetu, huzuka pingamizi, hasa miongoni mwetu tuishio mbali na bahari. Nimewasikia walimu wa huku kwetu wakihoji: kwa nini kodi ya mkulima wa Kilungu itumike kumsafishia mtalii mahali pa kuogelea, ilhali vyoo vya shule zetu vinabomoka? Pingamizi hili halistahili kubezwa. Lina haki ndani yake, na anayetaka kuzitetea fedha hizo hana budi kulijibu. Mimi nazitetea, ila kwa masharti, na masharti hayo nitayaeleza.

Kwanza tuelewane kuhusu uchafu wenyewe. Tunapotaja ufuo mchafu, picha inayotujia ni ya mifuko, chupa na magugu ya bahari yaliyotupwa mchangani. Uchafu huo huudhi macho, lakini si huo unaompeleka mtoto hospitalini. Kinachodhuru ni viini vya maradhi vitokavyo katika kinyesi cha binadamu na cha wanyama, navyo havionekani. Maji yanaweza kung'aa kama kioo yakawa na bakteria wa kuharisha, na yanaweza kuwa na rangi ya udongo yakawa na bakteria wachache tu. Ndiyo maana wataalamu hawategemei macho. Huchota maji, wakayapeleka maabara, wakahesabu bakteria wa kinyesi waliomo katika kila mililita 100. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, maji ya bahari ili yaitwe bora kabisa kwa kuogelea, hesabu ya bakteria aina ya E. koli isizidi 250 katika kipimo hicho kwa sehemu kubwa sana ya sampuli. Kwa maji ya kunywa, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hauruhusu hata mmoja.

Sasa bakteria hao hutoka wapi hadi wakafika baharini? Jibu ni jepesi, nalo halipendezi kulitaja mezani: hutoka vyooni. Sehemu kubwa ya wakazi wa Mombasa hawajaunganishwa na mabomba ya maji taka. Hutegemea vyoo vya shimo na matangi yaliyochimbwa ardhini. Na ardhi ya Mombasa ni mwamba wa matumbawe wenye matundu mengi. Kinachotiwa katika shimo hupenya mwambani, kikaingia katika visima vya jirani na hatimaye kikaibukia baharini. Mvua za masika zinapomwagika, mashimo hufurika, mitaro hubeba yote yaliyotapakaa njiani, na bakteria huongezeka maradufu kandokando ya pwani. Wala jambo hili si la Mombasa peke yake. Jijini Dar es Salaam kuna bomba la maji taka linaloishia baharini karibu na Barabara ya Ocean, na Mji Mkongwe wa Zanzibar nao kwa miaka mingi umekuwa ukiyaelekeza maji taka yake baharini.

Ikiwa ndivyo, basi siku za kufagia ufuo, ambazo wakubwa huzihudhuria wakiwa wamevaa fulana mpya na kushika reki mbele ya wapiga picha, haziwezi kumpunguza bakteria hata mmoja. Sizibezi. Huondoa plastiki, na plastiki ni balaa. Lakini mtu akipewa fedha za umma za kupunguza bakteria, kisha akazitumia kupanda minazi, kujenga njia ya kutembelea na kuweka taa za rangi, amekula fedha hizo kwa kitu kingine, hata kama hakutia hata senti moja mfukoni mwake.

Nafundisha isimu, na wasomaji wangu wengi ni walimu na wanafunzi wa Kiswahili. Wataniwia radhi nikiwaomba tuitazame lugha tunayotumia katika suala hili, kwani kwayo fedha za umma hutoroka. Chukueni kitenzi chafua. Tukikinyambua katika kauli ya kutendeka, tunapata chafuka: maji yamechafuka. Katika kauli hiyo hakuna mtenda, wala sarufi haimhitaji. Maji yamejichafukia tu, kama vile bahari inavyochafuka wakati wa upepo wa kusi. Tukikinyambua katika kauli ya kutendwa, tunapata chafuliwa: maji yamechafuliwa. Hapo msikilizaji yeyote mwenye akili timamu huuliza mara moja: na nani? Sasa sikilizeni hotuba na someni taarifa zetu. Mito imechafuka. Fuo zimechafuka. Mazingira yameharibika. Mabomba yamepasuka. Kauli ya kutendeka imetawala tangu mwanzo hadi mwisho. Na pasipokuwa na mtenda, hapana wa kushtakiwa, hapana wa kutozwa, wala hapana wa kuulizwa fedha za mwaka jana zilikwenda wapi. Mwalimu anayefundisha mnyambuliko wa vitenzi ana hapa mfano ulio bora kuliko ile mifano ya kupika na kupikika tuliyoizoea.

Historia nayo inatufundisha kwamba serikali hutoa fedha za maji taka pale tu aibu inapobisha mlangoni mwao wenye mamlaka. Jiji la London lilikuwa likimwaga kinyesi chake katika mto Thames kwa miaka mingi, na maelfu ya watu walikufa kwa kipindupindu. Wakubwa walijadiliana tu. Kiangazi cha mwaka 1858 joto lilikuwa kali, mto ukanuka kupita kiasi, na Bunge limejengwa ukingoni mwa mto huo huo. Mapazia ya Bunge yalilowekwa katika dawa ili kuzuia uvundo, lakini wapi! Ndani ya wiki chache sheria ilipitishwa na fedha zikapatikana. Mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mtandao mkubwa wa mitaro ya chini kwa chini ambao sehemu yake hutumika hadi leo. Hata hivyo tusisahau jambo moja: mwanzoni uchafu ule haukusafishwa. Ulihamishwa tu, ukapelekwa mashariki mwa jiji na kumwagwa huko chini mtoni. Waliokuwa na sauti walipata nafuu. Waliokaa chini ya mkondo waliletewa mzigo.

Mfano wa karibuni zaidi ni wa Paris. Kuogelea katika mto Seine kulipigwa marufuku mwaka 1923. Kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya 2024, Wafaransa walitumia takriban yuro bilioni 1.4 ili mto huo uweze kuogeleka. Walizitumiaje? Hawakuanza na ukingo wa mto. Waliunganisha nyumba na mashua na mabomba ya maji taka, wakaboresha mitambo ya kusafishia, na wakachimba karibu na stesheni ya Austerlitz tangi la chini ya ardhi la kuhifadhi mita za ujazo 50,000 za maji ya mvua yaliyochanganyika na maji taka. Hata hivyo mvua iliponyesha, vipimo vilipanda, na mashindano ya wanaume ya triathloni yakaahirishwa kwa siku moja. Baadhi ya watu walicheka. Mimi naona hilo lilikuwa jambo la kusifiwa: walipima, wakatangaza matokeo mbele ya ulimwengu mzima, na wakayatii. Julai 2025 mto huo ulifunguliwa kwa wananchi wa kawaida, baada ya zaidi ya miaka mia moja.

Turudi sasa kwetu, kwa maana yapo mambo ambayo mtu wa Kilungu hapaswi kuyasahau anapouliza kwa nini alipe. Maji yanayotiririka kutoka vilima vyetu huingia katika mto Kaiti, Kaiti humwagia Thwake, na Thwake huungana na Athi. Athi nao, ukisha kuupokea mto Tsavo, huitwa Galana, na kabla ya kufika baharini huitwa Sabaki. Huingia katika Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi, mji wenye fuo mashuhuri na hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1968. Sisemi kwamba kijidudu kilichotoka Nunguni hufika Malindi kikiwa hai. Umbali na jua kali huwaua wengi njiani. Lakini udongo wa matuta yetu yaliyobomoka hufika, na watu wa Malindi huuona kila msimu wa mvua, bahari yao inapogeuka rangi ya kahawia. Sisi tu watu wa juu ya mkondo kwao.

Na papo hapo sisi tu watu wa chini ya mkondo kwa wengine. Mto Nairobi, unaobeba maji taka ya jiji, pamoja na yale yatokayo katika mabwawa ya kusafishia ya Dandora kule Ruai, huishia katika mto Athi. Chini kidogo ya makutano ya Athi na Thwake ndipo linapojengwa bwawa la Thwake. Ujenzi wake ulianza mwaka 2018, nalo limekusudiwa kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo milioni 600 kwa manufaa ya watu wa Makueni, Kitui na Machakos. Kinyesi cha Nairobi kisiposafishwa Nairobi, ni Mkamba atakayetakiwa kukinywa. Tukisema kwamba fedha za umma zisitumike kumsafishia mwogeleaji wa Mombasa, tutakuwa na uso gani wa kudai kwamba fedha hizo hizo zitumike Nairobi ili kumwokoa mnywaji wa Makueni? Hoja ya kwamba kila mtu ajali uchafu ulio mlangoni pake itatugeukia sisi kwanza.

Tena tumekwisha kuona jinsi fedha na juhudi zinavyoweza kupotea pasipokuwa na mwendelezo. Kuanzia mwaka 2008, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliongoza kampeni ya kuusafisha mto Nairobi, na katikati ya jiji mabadiliko yalionekana. Alifariki Februari 2012, na baada ya muda uchafu ulirejea. Machi 2025 Rais William Ruto alizindua mpango mwingine wa kufufua mito ya Nairobi, ambao gharama yake ilitajwa kuwa shilingi bilioni 50. Naombea mpango huu ufaulu. Lakini kazi inayotegemea ukali wa mtu mmoja hufa pamoja naye. Bomba la maji taka halina kumbukumbu ya hotuba ya uzinduzi. Huhitaji fundi, kipuri na umeme kila mwezi, mwaka nenda mwaka rudi.

Na Kilungu kwenyewe je? Tusijifanye kwamba tatizo ni la wenye bahari na wenye miji. Nchi yetu ni ya miteremko mikali. Nyumba na choo chake huwa juu, chemchemi huwa bondeni, na mvua haijui kupanda mlima. Wataalamu hushauri choo kiwe walau mita 30 kutoka kisimani na kiwe upande wa chini, ushauri ambao kwenye kishamba chembamba kinachoning'inia mlimani si rahisi kuufuata. Huko chini kwenye mito ya mchanga, watu huchimba visima vifupi mchangani, na punda na ng'ombe hunywa papo hapo. Mchanga ni kichujio alichotupa Mungu bure. Kaunti ya Makueni ilifanya vyema ilipotunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015. Lakini kichujio hicho hakiwezi kushinda kinyesi kinachomwagwa juu ya kisima chenyewe. Katika shule, mwongozo wa serikali wataka choo kimoja kwa kila wasichana 25 na kimoja kwa kila wavulana 30. Mwalimu mkuu anayesoma makala haya ahesabu mwenyewe, aone amefika wapi.

Sasa naweza kumjibu yule mwalimu aliyeuliza swali. Kwanza, anayeogelea katika ufuo wa umma si mtalii tajiri. Huyo ana kidimbwi chake hotelini, kilichotiwa dawa na kupimwa. Anayeogelea pale ni mtoto wa Likoni na wa Kisauni, na ni mwanafunzi wake mwenyewe wa Kilungu aliyekuja kwa basi. Pili, Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha kuridhisha cha usafi na haki ya maji safi na salama. Haikusema kila mtu wa pwani, wala haikusema kila mtu wa bara. Choo cha shule ya Kilungu na mabomba ya maji taka ya Mombasa si washindani wanaogombea sahani moja. Ni sehemu mbili za deni moja ambalo serikali ya taifa na zile za kaunti zinadaiwa na wananchi.

Lakini nilisema kwamba nazitetea fedha hizo kwa masharti. Masharti yangu ni matatu.

La kwanza ni kupima na kutangaza. Tangu mwaka 2006 nchi yetu ina Kanuni za Ubora wa Maji. Kanuni bila ya ubao ni siri. Katika kila ufuo wa umma na pawekwe ubao unaoonyesha hesabu ya bakteria ya wiki hiyo, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, pamoja na bendera ya kumwonya asiyejua kusoma. Ubao kama huo uwekwe pia kwenye bomba la kila soko na la kila shule. Mwananchi akijua idadi, hahitaji kungojea hotuba ndipo ajue kama fedha zake zimefanya kazi.

La pili, fedha zitumike nyuma ya ufuo kabla ya kutumika ufuoni: mabomba, mitambo ya kusafishia maji taka, vyoo vya umma vyenye maji na mhudumu anayelipwa, na magari ya kunyonya maji taka yanayomwaga mzigo wake mahali palipowekwa, si mtaroni usiku wa manane. Minazi na taa zije baadaye.

La tatu, katika kila shilingi ya kujenga itengwe sehemu ya kutunza, na sehemu hiyo isiguswe. Wahenga walinena, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumezoea kujenga ukuta, kuuzindua, kuuacha upasuke, kisha kutafuta mkopo wa kujenga mwingine. Kipindupindu kilichoanza Oktoba 2022 kiliua watu zaidi ya 200 nchini mwetu. Hiyo ndiyo riba ya mikopo ya namna hiyo.

Nanyi walimu mna nafasi ambayo waziri hana. Mpeni mwanafunzi kazi ya kuchora njia ya maji kutoka chooni pa shule yake hadi baharini, akiitaja mito yote kwa majina. Mpeni kazi ya kuandika insha kuhusu maji ya kijiji chake, na mwagizeni asitumie kauli ya kutendeka hata mara moja. Atalazimika kumtaja aliyechafua, aliyepaswa kusafisha, na aliyepewa fedha. Huenda atamtaja hata baba yake. Kijana aliyezoea kuandika hivyo, akija kuwa mhandisi, diwani au mlipa kodi, hatatosheka kuambiwa kwamba maji yamechafuka.